Pua ya Candide

Candide nilimjua kwa pua yake kabla ya kumjua kwa jina. Ilikuwa mwaka tisini na saba, nauza mawese nje ya nyumba yangu hapa Kasingirima, Ujiji, akaja mwanamke mwembamba, kitenge kimefubaa, mkononi kashika chupa tupu ya soda. Badala ya kunipa chupa nimpimie, aliinama juu ya dumu langu, akanusa, akainuka. Kisha akaniambia, kwa adabu kabisa na kwa lafudhi ya Kirundi, kwamba ndani ya dumu lile mna mawese ya namna mbili, na mengine ni ya mwaka jana. Nilimfukuza. Jioni nilimwendea mwanamume aliyeniuzia, nikambana, akakiri kwamba mawese mapya hayakutosha kujaza dumu, ndipo akajazia na ya zamani.

Mimi ni mtu wa hasira, Ujiji nzima wanalijua hilo, lakini si mpumbavu. Kesho yake nilimtafuta yule mwanamke mpaka nikampata Katonga, anachambua dagaa wa watu. Jina lake Ciza Candide, mtu wa Rumonge, ng'ambo Burundi, na kwao walikuwa wakikamua mawese tangu enzi za babu yake. Mumewe alikufa katika vita na ndugu zake wawili vilevile. Hayo alinieleza mara moja tu, na mimi sikumwuliza tena. Alivuka ziwa, akapelekwa kambini upande wa Kasulu, akakaa mwaka mmoja, halafu siku moja akatoka kwa miguu. Nilimwuliza kwa nini aliacha chakula cha bure. Akasema kambini chakula kilikuwapo, ila hapakuwa na kitu cha kunusa zaidi ya moshi na watu.

Nikamchukua. Nilimpa chumba cha nyuma, kile chenye joto, na sikumtoza kodi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi sikungoja hata hiyo siku ya tatu. Asubuhi ya pili alikuwa ananusa madumu, na mchana alikuwa na kisu mkononi anakwangua mihogo.

Hapo kwenye mihogo inabidi nieleze kidogo, maana wapo wasomaji waliolelewa kwa ndizi au mahindi. Unga wetu mzuri hautokani na mhogo mkavu mtupu. Unamenya mihogo, unaianika siku moja au mbili, halafu unailundika mahali pa joto na kuifunika. Inavunda. Inaota ukungu, wa kijivu na mweusi, mpaka mhogo wote unakuwa na manyoya. Hapo unaukwangua kwa kisu, unavunjavunja mihogo, unaianika tena, unaitwanga. Ugali wake ni mlaini na una uchachu fulani ambao mtu akishauzoea hataki mwingine. Wa kwangu ulikuwa na sifa mpaka Gungu, na siri yake ni kile chumba cha nyuma. Kwa wenzangu mihogo huvunda siku tano, kwangu siku tatu tu. Candide alitandika mkeka wake upande wa dirisha, mihogo ikakaa upande wa ukuta, akaifunika kwa shitingi, ile turubai ya plastiki waliyogawiwa kambini, ambayo alitoka nayo mgongoni. Mimi niliona nimempa mtu nyumba, kazi na ulinzi kwa mpigo mmoja. Nilijisifu sana, na nilijisifu mbele za watu.

Kiangazi cha tisini na nane pua yake ikaziba. Tukasema mafua. Mafua gani ya miezi mitatu? Kichwa kilimuuma katikati ya macho, akipenga kamasi zinatoka nzito za rangi ya udongo, na usiku alikoroma kama mashine ya kusaga. Masika yalipokuja akapata nafuu, kiangazi kilichofuata hali ikawa mbaya kuliko mwanzo. Siku moja alinusa dumu la mawese yaliyochacha, ambayo harufu yake hata mimi niliipata nikiwa mlangoni, akasema ni mazuri. Nilidhani ananitania. Alipouona uso wangu alielewa, akakaa chini palepale kwenye vumbi, mikono juu ya magoti.

Kila mtu alikuwa na lake la kusema. Jirani yangu Rozalia, Muha wa Kalinzi anayenipatia mihogo mibichi, alisema ni vumbi la dagaa, akamfukiza kwa majani ya mkaratusi mpaka shingo ikababuka. Wengine walisema ni jini la ziwani limemfuata tangu Rumonge. Kwenye kanisa lake walimwombea. Mimi nilimsomea visomo, naye akaitikia amina bila kujali ni dini gani. Hakuna kilichosaidia. Ilipofika Oktoba jicho la kulia likaanza kutoka nje. Kwanza nilifikiri ni kivuli cha taa. Nikamgeuza kwenye jua, na kweli lilikuwa limesukumwa mbele kuliko la kushoto.

Hospitali ilikuwapo, tena wakati ule alikuwapo daktari bingwa wa pua, masikio na koo, Daktari Selestini, mtu wa Moshi aliyeletwa kwa muda. Taabu yetu haikuwa daktari. Siku zile mkimbizi akionekana nje ya kambi bila kibali hurudishwa kwa lori, na anayemficha naye ana kesi ya kujibu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya Candide ilikuwa jina lake. Basi nikafungua sanduku langu, nikatoa kadi ya hospitali ya marehemu mdogo wangu Fatu, aliyefariki miaka miwili nyuma. Umri wao ulikaribiana. Nikamwambia Candide kuanzia sasa yeye ni Fatu Abdulatif.

Kilichobaki ni ulimi. Candide akitamka neno moja tu, hata kiziwi angejua katokea ng'ambo. Nikaamua awe bubu. Yeye angekaa, mimi ningejibu. Akaitikia kwa kichwa.

Pale kwenye korido nesi alisimama mlangoni akaita, "Fatu Abdulatif." Sikuwa nimejiandaa kulisikia jina lile likiitwa kwa sauti, kana kwamba mwenyewe atainuka tu kwenye benchi aje. Nilibaki nimekaa, nautazama mlango. Candide ndiye aliyenishika mkono akaniingiza ndani, mgonjwa akamwongoza mzima. Daktari akaniuliza mimi naumwa nini.

Alimpiga picha ya kichwa, akamchungulia puani kwa taa, akasema ndani mna vinyama vimeota na nyuma yake kumejaa uchafu. Alimchoma ganzi, akamvuta vile vinyama. Vilitoka na kitu kizito cha kahawia, kinanata, mfano wa karanga zilizosagwa. Kidogo alikitia kwenye chupa, kikapanda treni kwenda Dar. Baada ya wiki tatu majibu yalirudi na daktari akanitazama mimi, kwa kuwa mgonjwa ni bubu, akaniambia ni fangasi.

Nilidhani ananitukana. Fangasi ninazozijua mimi ni za vidole vya wavuvi, na nyingine za wanawake ambazo hazizungumzwi mbele ya mwanamume. Zimefikaje puani kwa mtu anayeoga mara mbili kwa siku? Daktari akaeleza kwa upole kwamba ukungu una vumbi lake lisiloonekana, limo hewani, sote tunalivuta. Wengi wetu halitufanyi kitu. Wachache miili yao hugombana nalo, pua inavimba, inajifunga, na nyuma ya pale pamejifunga, gizani na penye majimaji, ukungu unapata makao. Usiposhughulikiwa husukuma mifupa hata jicho. Akasema waziwazi kwamba jicho lile linaweza kupotea.

Dawa aliyoitaja ni vidonge vya itrakonazo, vya kuua fangasi kutoka ndani ya damu. Vinamezwa baada ya mlo wa kushiba, kila siku kwa miezi mitatu, na kila mwezi damu inapimwa kuangalia ini. Halafu akaongeza jambo lililonichanganya mpaka leo. Alisema kuhusu dawa hii madaktari wenyewe hawajakubaliana. Katika ugonjwa wa pua wa namna hii kuna wanaopona nayo na kuna wasiopata chochote, na hakuna ajuaye mapema nani ni nani. Sijawahi kumwona mganga anayekupa dawa na papo hapo anaitilia shaka. Mganga wa kienyeji akikupa hata maji ya bomba anakuapia. Nilimwuliza sasa kwa nini unatupa. Akasema kwa sababu jicho linatoka na mikono mitupu haifai.

Kabla hatujaondoka akauliza swali moja. Nyumbani kuna kitu chenye ukungu? Kuta zenye majimaji, vitu vilivyooza?

Jamani. Nyumba yangu hupigwa chokaa kila mwaka kabla ya mfungo. Uani kwangu hukuti hata ganda la ndizi. Nikamjibu kwamba mimi ni Nasma, binti wa Abdulatif wa Ujiji na nyumba ya baba yangu haijawahi kunuka. Naapa kwamba mihogo haikunijia hata akilini. Ile ni chakula. Mtu akikuuliza kama una takataka nyumbani, humtajii sufuria ya ugali.

Vidonge vilichelewa kufika kutoka Dar. Katika kungoja Rozalia akaja na vidonge vya mashilingi, vile wanavyopewa watoto wenye mabaka kichwani, akisema fangasi ni fangasi. Candide alivimeza wiki mbili. Daktari aliposikia alishika kichwa, akatuambia kila ukungu una dawa yake na hizi si za huu.

Itrakonazo ikaja, na mvua za Novemba zikaja pamoja nayo. Nilikuwa nampikia Candide wali na migebuka, samaki wa ziwa letu, simwachii sahani mpaka aimalize, ndipo namkabidhi kidonge. Mwezi wa kwanza kichwa kikatulia. Mwezi wa pili jicho likaanza kurudi ndani. Asubuhi moja ya Januari alikuwa anafagia, akasimama, akainua uso, akasema nyumba ya tatu wanakausha migebuka na wamechelewa kuigeuza, inaungua. Nikatuma mtu akaangalie. Ilikuwa inaungua kweli.

Nilikwenda kwa Daktari Selestini na kuku. Alifurahi, nikamwambia aache kuitilia shaka dawa yake, naye akacheka. Februari vidonge vikaisha, mgonjwa mzima, pua kama ya zamani. Nilimsifia dawa ile kila aliyenisikiliza na hata asiyenisikiliza.

Juni jua likawaka, Rozalia akaleta mihogo. Kabla mwezi haujaisha pua ya Candide ilikuwa imeziba tena.

Daktari akatoa vidonge vilevile. Nikapika wali uleule. Julai ikapita, kichwa kinamuuma. Agosti ikaingia, jicho likatoka, na safari hii lilitoka upesi na Candide akaanza kuona watu wawili wawili. Nilihisi naingia wazimu. Dawa ni ileile, mgonjwa ni yuleyule, chakula kilekile, mkono unaompa ni wangu. Mwaka jana imemponya, mwaka huu inamtazama tu. Nilishuku vidonge ni bandia, nikashuku duka, nikamshuku Rozalia kwa jicho baya, Mungu anisamehe. Usiku nilijikuta nikimwita Fatu hata nyumbani, tukiwa wawili tu, na yeye akaitikia. Sikujua tena ninamwuguza nani.

Tukarudi hospitali. Daktari alipima, akakunja uso, akasema na yeye haelewi. Akasema wiki moja zaidi na inabidi apelekwe Dar kwa operesheni kubwa, na hata hivyo kuhusu jicho hatoi ahadi. Kwa treni hadi Dar, na kwa karatasi za marehemu. Njiani kote kuna ukaguzi. Nilijua safari ile isingefika Tabora. Daktari akageuza kalamu mezani, akarudia swali lake la mwaka jana. Akatuomba tufikiri vizuri, nyumbani hakuna kitu chochote chenye ukungu?

"Hakuna," nikasema.

"Upo," akasema Candide.

Kalamu ikaanguka. Nilimbana paja kwa vidole, akausogeza mkono wangu taratibu, kama unavyosogeza mkono wa mtoto.

"Ninalalaka nao, daktari. Mihogo inavunda chumbani mwangu, mimi ninaifunika na shitingi, ninalala pembeni. Asubuhi ninaikwangua. Masika mihogo haiko, ninapona. Kiangazi inarudi, ninagonjwa. Ni miaka mitatu."

Daktari akanigeukia, akaniuliza kama huyu si bubu. Nikajibu kwamba leo ndiyo ameanza kusema, jibu ambalo hata mimi nililionea haya lilipokuwa bado mdomoni. Hakuligusa. Aliuliza kuhusu mihogo, maana mtu wa Moshi kakulia ndizi, hakuwahi kuambiwa. Nikalazimika kumweleza mwanzo hadi mwisho, kulundika, kufunika, kukwangua. Akauliza, kwa hiyo mnauotesha ukungu kwa makusudi? Ndiyo. Kisha mnakula? Nikamwambia hata yeye anakula, unga wa hoteli anayokula mchana unatoka kwangu.

Halafu akafungua mtoto wa meza, akatoa kadi mpya, nyeupe. Akamtazama Candide, si mimi.

"Jina lako nani?"

Nilimwomba kwa macho asiseme. Nesi alikuwa mlangoni, na dirisha lilikuwa wazi. Candide alinitazama kwa jicho lake zima na lile lililotoka, akajibu kwamba anaitwa Ciza Candide. Daktari akaandika. Palipoandikwa mahali anapokaa akaandika Kasingirima, na hakuuliza alikotokea. Ile kadi ya zamani aliifuta vumbi kwa kiganja, akaniwekea mkononi na kuniambia niende nikaitunze. Nilitoka nje nikalia ukutani kama mtu aliyetoka makaburini, na nadhani ndiko nilikokuwa nimetoka.

Siku ile ile niliitoa mihogo yote uani kwa mikono yangu, nikaitupa shitingi, nikauhamishia mkeka wa Candide chumbani kwangu. Lakini sikumsemesha. Siku mbili nzima sikumsemesha. Watu hudhani nilimkasirikia kwa kututia hatarini. La. Niliona aibu, na aibu yangu ikikosa pa kwenda hugeuka hasira. Nilikuwa nimekaa mbele ya daktari mara mbili nikikana, tena kwa jina la baba yangu, huku nikimlaza mtu kando ya kinachomla jicho na kuita ukarimu.

Siku ya tatu nilishindwa. Nikamwuliza amejua tangu lini. Akasema tangu kiangazi cha pili. Alikuwa analala akiamka kichwa kimejaa, akienda Katonga kutwa anapata nafuu, akirudi kinajaa. Nikamwuliza, jicho linatoka, mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umenyamaza? Mtu gani wewe?

"Ulinipa nyumba, Mama Iddi," akasema. "Ukanipa na jina la dada yako. Kisha niseme chumba ni kibaya?"

Mama Iddi ndivyo alivyoniita siku zote, kwa mwanangu wa kwanza. Kwao Rumonge, na hata kwetu Ujiji ukitaka kusema kweli, mtu akikupa pa kulala huanzi kumkagulia. Unashukuru, unaamka mapema, unafagia. Tulifundishwa hivyo sote wawili, na nusura funzo hilo limng'oe jicho.

Daktari hakumpeleka Dar. Alisafisha tena pua yake hapahapa, akamwongeza dawa ya kupunguza uvimbe, akamwendeleza na itrakonazo. Wiki ile ya hatari ikapita, na ya pili ikapita. Jicho likasimama, kisha likarudi polepole, wiki baada ya wiki, mpaka ukimtazama hujui lilikuwa lipi. Hakuna aliyekuja kumchukua. Kadi nyeupe aliiweka ndani ya Biblia yake, na kila mwezi alikwenda hospitali peke yake, akaitwa kwa jina lake, akaingia.

Nilimwuliza daktari kabla hajahamishwa, sasa niambie, ni kipi kilichomponya? Ni vidonge, au ni kuondoa mihogo? Akasema hajui. Labda dawa pekee isingeweza kuushinda ukungu unaoongezwa kila usiku. Labda chumba pekee kingetosha na vidonge havikuwa na kazi. Labda ni ile dawa ya uvimbe. Ili ajue kwa hakika ingebidi arudishe mihogo na aondoe dawa, na hilo hatalifanya. Nilimkasirikia. Nilitaka neno moja la kuwaambia watu. Rozalia anasema ni maombi. Mimi mwenyewe nimekwangua mihogo tangu nina meno ya utoto, mama yangu aliikwangua mpaka anakufa, na pua zetu hazijawahi kuziba hata siku moja. Ukungu ni uleule, vumbi ni lilelile. Kwa nini yeye na si mimi? Nimeligeuza swali hili miaka mingi na bado liko palepale. Ninachojua ni kwamba sasa navundika kwenye kibanda mwisho wa ua, ninajifunga kanga puani, na unga wangu unachukua siku tano kama wa wenzangu. Gungu wanalalamika.

Oktoba ile, kabla ya mvua, nilikipiga chokaa chumba cha nyuma mara mbili. Nilisugua sakafu kwa majivu, nikaacha dirisha wazi mwezi mzima, nikafukiza ubani. Kilikuwa kinang'aa. Nikamwita Candide, nikamwambia chumba chake kiko tayari, aje aone, na nikasimama kando nikingoja kusifiwa.

Alisimama kizingitini. Hakuingia. Aliinua uso kama alivyouinua siku ile ya kwanza juu ya dumu langu, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu kwa pua zote mbili, na mimi nikasikia hewa inavyopita bila kikwazo.

"Dada Nasma," akasema, "chumba chako kinanuka."

Miaka mitatu hakuwahi kuniita dada. Nikamwuliza kinanuka nini, nimekisugua mpaka kucha zimeisha.

"Mihogo, imeingia mpaka kwenye mbao za dari. Tena juu kule kwenye kona panya amekufa. Mimi silali humu."

Nilifurahi kuliko kama angekisifia. Mara ya kwanza aliponusa vyangu na kunieleza ukweli nilimfukuza kama kuku. Safari hii nilikwenda kwa Rozalia kuazima ngazi, nikapanda mwenyewe na umri wangu huu, Candide ameishika chini, nikabandua ubao wa dari pale kwenye kona. Panya alikuwa hapohapo alipoonyesha.